Datsun 240Z na Nissan Z: gari lisilo na mstari hata mmoja wa programu

Kuna sauti ambayo karibu kila mtu hapa Nairobi aliyenunua gari lililotumika kutoka Japani anaifahamu. Unawasha gari, taa za dashibodi zinamulika, na mama mmoja wa Kijapani anakuambia jambo kwa upole mkubwa. Nilikaa karibu mwaka mzima nikidhani ananisalimu. Siku moja nikamuuliza rafiki anayejifunza lugha ile, akaangua kicheko. Kumbe huyo mama ananikumbusha kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara kuu. Za kwao! Gari limekula vumbi la Kenya miaka mitatu na bado linangoja kadi ya huko lilikotoka.

Sasa, mwezi uliopita gari hilo hilo likawasha taa ya injini. Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo sikukimbilia gereji. Nilichukua kile kidude kidogo chenye chipu ya ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani, nikakiunganisha na simu kwa bluetooth, nikasoma nambari ya hitilafu: P0171. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Nikaendelea kuchimba. Nikaona kwamba kompyuta ya gari (tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niandike) ilikuwa imekwisha kuongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko kawaida, kimya kimya, bila kuniambia. Ilikuwa inauficha ugonjwa. Iliposhindwa kuuficha zaidi ndipo ikawasha taa.

Nilijiona bingwa. Ila kujua kwamba hewa inaingia mahali pasipostahili si sawa na kujua ni mahali gani. Nikampelekea mjomba.

Mjomba wangu ni fundi wa magari tangu kabla sijazaliwa, na sasa ana miaka zaidi ya sitini. Hakutaka hata kuiona simu yangu. Alichukua kipande cha paipu ya mpira, akaweka ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha polepole juu ya injini ikinguruma. Dakika tatu hivi. "Hapa," akasema. Paipu ndogo ya hewa ilikuwa na ufa kwa upande wa chini, usioonekana. Spea yenyewe ilikuwa ya shilingi mia chache. Halafu akaniambia, huku akijifuta mikono: "Mpwa wangu, gari la Datsun lingekuambia haya siku ya kwanza. Lingekohoa."

Hapo ndipo yakaanza mazungumzo yaliyozaa makala haya, maana mjomba akitaja Datsun hasemi Datsun yoyote. Anasema 240Z ya Safari. Nami nikaenda kusoma, nikailinganisha na mjukuu wake, Nissan Z inayouzwa miaka hii, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba watu wengi huyalinganisha magari haya kwa kigezo kisicho muhimu.

Kwanza historia, kwa ufupi kwa wale wasioijua. Mashindano yetu ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa ya Pasaka, msimu wa mvua, kwa hiyo gari lile lile lingeweza kufa kwa vumbi asubuhi na kuzama kwenye matope jioni. Maelfu ya kilomita kwa siku chache, kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa ng'ombe, baiskeli na mabasi ya abiria. Katika miaka hiyo ya mwanzo Wazungu kutoka Ulaya walikuja na magari ya fahari na kurudi mikono mitupu. Hadi 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda na Ford Escort, hakuna timu iliyotoka ng'ambo iliyowahi kushinda.

Nissan, ambao wakati huo nje ya Japani waliuza magari kwa jina la Datsun, waliifanya Safari kuwa maabara yao. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Mwaka 1971 wawili hao wakarudi na kitu kingine kabisa: gari jekundu lenye boneti nyeusi, refu mbele, fupi nyuma, viti viwili tu. Datsun 240Z. Wakashinda tena. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye akiwa na 240Z. Kwa gari la michezo, lililobuniwa kwa ajili ya barabara laini za California, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ilihamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, mwaka ambao Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, Mehta na Lofty Drews waliipeleka 240Z hadi mwisho wakiwa na pointi za adhabu sawasawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuadhibiwa. Ilikuwa Mehta. Baadaye akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, jumla mara tano.

Mjomba alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Anasema walikaa kando ya barabara tangu alfajiri na muhogo wa kuchemsha mfukoni, na kwamba waliisikia 240Z muda mrefu kabla ya kuona vumbi lake. Hiyo sauti ya injini iikumbuke, msomaji, tutairudia.

Haya, sasa tufungue boneti. Hapa ndipo penye utamu wenyewe kwa watu kama sisi.

240Z iliyouzwa madukani kuanzia mwishoni mwa 1969 ilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda sita kwa mstari mmoja, na kabureta mbili. (Magari ya mashindano yaliongezewa nguvu kuliko yale ya dukani, lakini hata hayo hayakuwa na kitu chochote cha kielektroniki cha kuiamulia injini.) Tuseme wewe ni injini. Kila sekunde unahitaji majibu ya maswali mawili: nimwage mafuta kiasi gani, na cheche nizipige lini? Ukikosea la kwanza utakohoa au utatoa moshi mweusi. Ukikosea la pili utapoteza nguvu au utajipasua pistoni.

Leo maswali hayo hujibiwa na kompyuta. Mwaka 1971 yalijibiwa na vyuma, na namna vyuma vile vilivyojibu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Chukua kabureta. Zile za 240Z zilifuata mtindo wa SU wa Uingereza, zikitengenezwa na Hitachi. Ndani yake kuna pistoni inayoelea. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa zaidi, na mvuto huo unainyanyua pistoni. Chini ya pistoni kumening'inia sindano iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea nchani, na sindano hiyo imezama kwenye tundu linalotoa petroli. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo, sehemu nyembamba inafika tunduni, nafasi inaongezeka, petroli zaidi inapita. Hewa nyingi, mafuta mengi. Hewa kidogo, mafuta kidogo.

Ukiwa umewahi kuandika programu utaitambua hiyo sindano mara moja. Ni jedwali. Kwenye kompyuta ya gari la kisasa kuna jedwali la nambari linalosema: hewa ikiwa kiasi hiki, mwaga mafuta kiasi hiki. Kwenye Datsun jedwali hilo limechongwa kwenye shaba. Mhandisi aliyetaka kubadilisha tabia ya injini alichonga sindano nyingine yenye wembamba tofauti. Na juu ya pistoni kulikuwa na mafuta mazito kidogo ya kuizuia isiruke ghafla, ili ukikanyaga kwa nguvu mchanganyiko uwe mzito kwa nukta moja na gari lisisite. Hicho ni kichujio cha ishara, watu wangu! Kimetengenezwa kwa kijiko cha oili.

Cheche nazo zilikuwa na chombo chao, ile distribyuta. Ndani yake mna vijiwe viwili vya chuma vilivyoshikwa na springi. Injini ikizunguka kasi, vijiwe vinatupwa nje, na kwa kufanya hivyo vinaisogeza cheche ije mapema zaidi. Pembeni mna utando mwembamba unaovutwa na hewa ya injini, nao unaisogeza cheche kulingana na jinsi injini ilivyobeba mzigo. Vijiwe vinajua mwendo, utando unajua mzigo. Sasa fungua jedwali la cheche la kompyuta yoyote ya gari la kisasa: upande mmoja ni mizunguko ya injini, upande mwingine ni mzigo. Maswali ni yale yale mawili. Tofauti ni kwamba vyuma viliweza tu kujumlisha jibu la kwanza na la pili, wakati jedwali la kompyuta linaweza kuwa na jibu la pekee kwa kila makutano ya mwendo na mzigo. Kihesabu hiyo ni tofauti kubwa sana, na ndiyo sababu mojawapo injini za leo zinatoa nguvu nyingi kwa petroli kidogo.

Vyuma vilikuwa na upofu wake pia, na hakuna mahali palipoufichua kama hapa kwetu. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Sindano ya kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Inaendelea kumwaga mafuta karibu kama ilivyozoea pwani, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi, na nguvu inapungua. Mtu anayetoka pwani kupanda bara alipaswa kuchagua: ama aliandae gari kwa ajili ya pwani, ama kwa ajili ya bara, ama mahali fulani katikati na kuvumilia kote kuwili.

Tiba yake lakini ilikuwa nyepesi. Chini ya kabureta kuna nati. Izungushe juu, mafuta yanapungua; izungushe chini, yanaongezeka. Utajuaje kama umepatia? Unainyanyua pistoni kidogo kwa kidole na kusikiliza. Injini ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikididimia na kutaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo tu halafu ikatulia, acha hapo hapo, funga boneti, nenda zako. Mjomba alinifanyia mfano kwa midomo yake, mlio baada ya mlio, na nilielewa vizuri kuliko kitabu chochote.

Sasa njoo kwa mjukuu. Nissan Z ya kizazi hiki ilizinduliwa Agosti 2021 huko New York na kuanza kuuzwa kama modeli ya 2023. Waliochora umbo lake hawakuficha walikotazama: boneti ndefu, paa linaloteremka nyuma, na vile vipimo vitatu vya duara juu ya dashibodi. Injini ni ya lita 3, silinda sita kwa umbo la V, turbo mbili, nguvu za farasi 400. Babu yake alitangazwa kuwa na 151.

Hapa niweke angalizo, maana kwenye mitandao utaona watu wakizigawa hizo nambari mbili kama mahindi. Ile 151 ilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Marekani, injini ikiwa mezani imevuliwa mizigo inayoibeba ndani ya gari. Kuanzia 1972 walibadilisha upimaji, na nambari za magari yote zikashuka ingawa injini zilibaki zile zile. Kwa hiyo pengo halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Upande wa pili, 240Z ilikuwa na uzito wa kilo 1,050 hivi. Z mpya inakaribia 1,600. Zaidi ya nusu tani iliyoongezeka ni mifuko ya hewa, vyuma vya kukulinda ukigongwa, kiyoyozi, waya, na kompyuta zenyewe. Babu alihitaji karibu sekunde 8 kutoka kusimama hadi takriban kilomita 100 kwa saa. Mjukuu anahitaji chini ya 5. Bei: dola 3,526 mwaka 1970, ambazo kwa thamani ya 2023 ni kama 28,000, mpya ilianzia 39,990. Basi, tumemaliza nambari.

Swali lililonishika ni hili: maarifa yamewekwa wapi?

Kwenye Z mpya, kikanyagio cha mafuta hakiunganishwi na injini kwa waya wa chuma. Mguu wako unatuma ombi, na kompyuta inalipima. Turbo zina sensa ya kupima mwendo wake ili kompyuta ijue inaweza kuzisukuma hadi wapi, kwa hiyo ukipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi gari linaona hewa imepungua na kuisukuma zaidi kufidia. Lile tatizo la nati na masizi limekufa. Breki zinajipima zisifunge magurudumu. Gari likianza kuteleza upande, programu inashika gurudumu moja na kulirudisha. Na ukiwa na gia za mkono, ukishusha gia kompyuta yenyewe inainua mizunguko ya injini ili gia iingie laini. Ujuzi huo Herrmann na Mehta waliubeba mguuni: kidole kwenye breki, kisigino kwenye mafuta, usiku, matopeni. Nissan waliutia kwenye programu katika modeli ya 370Z mwaka 2008, na sasa ni kitufe.

Kwa hiyo maarifa yalihama mara mbili. Yalitoka kwenye vyuma, na yalitoka kwenye mwili wa dereva. Yote mawili yakaenda mahali pamoja.

Hamahama hiyo haikutokea kwa siku moja, na kuna sadfa ya tarehe ninayoipenda. 240Z ilishinda Safari Aprili 1971. Miezi saba baadaye, Novemba 1971, Intel wakatangaza chipu ya 4004, maikroprosesa ya kwanza kuuzwa sokoni. Wakati Herrmann anaoga matope hakukuwa na kompyuta ndogo ya kutia ndani ya gari hata kama ungetaka! Kwenye ukoo wa Z umeme uliingia 1975, kwenye 280Z ya soko la Marekani, iliyotupa kabureta na kutumia mfumo wa Bosch wa kupuliza mafuta. Hata huo haukuwa na programu, ulikuwa saketi tu. Mwaka 1979 Bosch wakatoa Motronic, uliounganisha mafuta na cheche chini ya kompyuta moja ya kidijitali. Mwaka 1986 wakatangaza CAN, mtandao wa waya mbili unaoziwezesha kompyuta nyingi za gari kuongea. Na 1996 Marekani ikalazimisha kila gari jipya liwe na tundu la aina moja la kusomea hitilafu. Ndilo tundu nililochomeka kidude changu.

Sheria ya tundu hilo ilitokana na moshi, haikutokana na huruma kwa mafundi, na kwa hiyo inakupa habari za moshi. Ndani ya gari mna mengine mengi ambayo tundu hilo halilazimiki kukuonyesha. Mjomba hulalamikia hili kila wiki. Analetewa gari, anabadilisha kifaa kibovu kwa kipya halali, na gari linakikataa mpaka kiandikishwe kwa programu ya kampuni, ambayo yeye hana. Mteja mmoja wake alipoteza funguo. Injini nzima, betri nzima, mafuta yamejaa, na gari likaondoka gerejini likivutwa kwa kamba kwa sababu chipu ya ukubwa wa punje ya mchele haikuwepo. Hata redio za haya magari yetu ya mtumba, ukitoa betri zinajifunga na kudai nambari ya siri, na vijana wa Grogan wamejitengenezea riziki kwa kuzifungua.

Msidhani mimi ni mmoja wa wale wanaolilia zamani. 240Z haikuwa na mfuko hata mmoja wa hewa, breki zake za nyuma zilikuwa zile za ngoma, na bodi yake ilishika kutu kwa kasi ya kutisha. Ukigongwa leo utashukuru sana kuwa ndani ya Z mpya. Mimi mwenyewe nalipwa kwa kuandika programu, na sioni aibu.

Lakini naijua kazi yetu kutoka ndani, na najua jinsi ilivyo rahisi kuficha jambo kwenye programu. Septemba 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilikuwa imetia programu iliyotambua gari linapokuwa kwenye kipimo cha moshi, ikalisafisha kwa muda huo tu, na kuliachia likiwa barabarani. Magari milioni 11 hivi duniani. Jaribu kuwazia kuifanya hila hiyo kwa sindano ya shaba. Sindano haijui kama inatazamwa. Fundi yeyote mwenye maikromita anaweza kuipima na kukuambia inamwaga kiasi gani, na jibu litakuwa lile lile gerejini na barabarani.

Mwaka huo huo wa 2015, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilitoa ruhusa kwa wenye magari kuvunja kufuli za programu ili kuyatengeneza. Soma tena sentensi hiyo. Mtu aliyelipa gari lake hadi dola ya mwisho alihitaji kuombewa ruhusa kulifungua. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limekwisha kulipigia kura suala hilo 2012, na kulirudia tena 2020 magari yalipoanza kutuma taarifa zake hewani moja kwa moja kwa kampuni. Hapa kwetu, ambako magari mengi hufika yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa kwingineko na kuishi kwa mikono ya mafundi wa jua kali kwa miaka mingine mingi, mjadala huo ungetuhusu kuliko wao. Sijausikia kwa sauti inayostahili.

Mwishoni mwa 2023, kwenye maonyesho ya SEMA kule Las Vegas, Nissan walionyesha Z mpya iliyopakwa rangi nyekundu na boneti nyeusi, ikainuliwa juu, ikavishwa matairi ya njia mbovu. Waliiita kwa jina la Safari Rally, kwa heshima ya ile ya 1971. Nilimwonyesha mjomba picha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu. Akaipenda, akasema rangi wamepatia. Halafu akauliza inaliaje.

Ikabidi nimwambie ukweli: kwenye Z yenye spika za Bose, sehemu ya mlio unaousikia ukiwa ndani unaongezwa na spika zenyewe. Programu inapima injini inafanya nini na kukutilia sauti inayofaa. Vile vipimo vitatu vya dashibodi navyo, vilivyokuwa kwenye 240Z vya oili, joto, umeme, mafuta na saa, sasa kimojawapo kinakuonyesha mwendo wa turbo, jambo ambalo dereva hawezi kulifanyia chochote.

Mjomba hakucheka. Aliuliza swali la kifundi: hiyo ya 1971 iko wapi sasa? Nikamwambia Nissan wenyewe wameihifadhi Japani. Akatikisa kichwa, akasema gari kama lile ukilipata limeoza unaweza kulifufua. Sindano utachonga. Springi utapinda. Nati utakata. Kila kilichomo kinaweza kupimwa na kutengenezwa upya na mtu mwenye leithi na subira, hata kama kampuni imekufa. Jina la Datsun lenyewe limekufa mara mbili: Nissan walitangaza kuliacha 1981, wakalirudisha kwa magari ya bei nafuu 2014, wakalizika tena 2022. Magari yaliyobeba jina hilo hayakujali.

Nikafikiria Z ya 2023 ikifika miaka hiyo hiyo hamsini na kitu. Chipu zake zitakuwa zimechoka, na za aina ile hazitakuwa zikitengenezwa. Programu iliyomo haikuwahi kuchapishwa popote. Mtu atakayeipata chini ya mwembe 2075 atakuwa na bodi nzuri, injini nzuri, turbo mbili, na hatakuwa na mahali pa kupata jibu la yale maswali mawili: mafuta kiasi gani, cheche lini. Atalazimika kutia kompyuta yake mwenyewe na kuandika majedwali upya tangu mwanzo. Wapo wanaofanya hivyo hata sasa. Kuna miradi ya programu huria kama Speeduino na rusEFI, ya kompyuta za injini ambazo msimbo wake wote uko wazi kwa kila mtu. Nimeipakua ya kwanza. Jedwali la cheche liko pale, mizunguko upande huu, mzigo upande ule, na unaweza kuisoma kila nambari.

Nimempelekea mjomba kipakatalishi Jumapili iliyopita, nikamwonyesha. Alivaa miwani. Nikamweleza kwamba safu hizi ni vile vijiwe vya distribyuta, na hizi ni ule utando. Akanyamaza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, mahali pa mizunguko 3,000 na mzigo mkubwa, akasema cheche hapo imewahishwa mno kwa petroli yetu, injini itagonga. Nilikuwa nimeiandika nambari hiyo mwenyewe usiku uliotangulia, kwa kukisia. Tukaipunguza.